SAFU YA ELIMU NA UFUNDI: Nukta Mbili Kando ya Koili



Barua mbili zimetufikia tangu toleo lililopita, na kwa ajabu ya mambo zote mbili zauliza jambo moja, ijapokuwa walioziandika hawajuani. Ya kwanza yatoka kwa binti anayesoma ufundi wa umeme nyakati za jioni, baada ya kazi. Asema kwamba hesabu za mizunguko ya umeme alikuwa akizifanya bila ya taabu mpaka walipofika kwenye mlango wa koili mbili zenye nukta. Tangu hapo kila jibu lake hutoka na alama isiyo yake: penye kujumlisha yeye hutoa, na penye kutoa hujumlisha. Mtihani umebakiza majuma sita, na akishindwa itambidi arudie mwaka na kulipa ada upya, naye ndiye anayewalea wadogo zake wawili.

Ya pili yatoka kwa mzee wetu mmoja aliyepewa amana ya kukitengeneza kipaza sauti cha madrasa. Chombo hicho ni sadaka ya jamaa aliyehamia hapa Uingereza kutoka Marekani. Ndani yake mna transfoma yenye koili mbili za kuingizia umeme, kila moja ya volti 115. Mzee ameambiwa kwamba koili hizo zikiungwa zifuatane, chombo kitastahimili volti 230 za hapa. Alipofungua sanduku alikuta ncha nne za waya, na mchoro mdogo uliobandikwa wenye nukta nyeusi kando ya ncha mbili kati ya hizo nne. Auliza: nukta hizi zasema nini, na je, zikipuuzwa patatokea nini?

Tungeweza kumjibu mzee kwa mstari mmoja na binti kwa mistari mitatu. Lakini tumeona kwamba jibu la namna hiyo ndilo lililomtia binti matatani: amepewa kanuni aikariri kabla hajaonyeshwa kinachofanyika ndani ya chuma. Basi twaomba subira ya wasomaji, nasi tutaanzia mbali kidogo.

Tarehe 29 Agosti 1831, hapa London, katika jumba la Royal Institution lililoko mtaa wa Albemarle, Michael Faraday alichukua pete ya chuma yenye upana wa inchi 6 na unene unaokaribia inchi moja. Upande mmoja wa pete aliuzungushia waya wa shaba, na upande wa pili akazungusha waya mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Waya wa zama hizo haukuwa na ngozi ya plastiki, kwa hiyo alitenganisha mizunguko kwa uzi na kitambaa. Koili ya pili akaiunga na waya uliopita juu ya sindano ya sumaku, kisha koili ya kwanza akaigusisha na betri. Sindano ikaruka, ikayumba, halafu ikarudi mahali pake na kutulia, ijapokuwa mkondo wa betri ulikuwa bado wapita. Alipoikata betri, sindano ikaruka tena.

Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, na elimu yake nyingi aliipata katika kazi ya kujalidi vitabu, kwa kuvisoma vile alivyopewa avishone. Pete yenyewe ingali ikihifadhiwa katika jumba lile lile. Mzazi anayetafuta pa kuwapeleka watoto siku ya mapumziko hatajuta kuwapeleka huko.

Katika jaribio hilo mna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba koili ya pili haipati chochote mkondo wa kwanza unapotulia. Hupata tu pale mkondo unapobadilika, yaani unapopanda au unaposhuka. La pili, ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu, ni kwamba mruko wa sindano una upande. Hauruki kiholela. Faraday angaliuzungusha waya wa pili kwa kuelekea upande mwingine, sindano ingaliruka upande wa pili. Betri ni ile ile, pete ni ile ile, idadi ya mizunguko ni ile ile, lakini matokeo yamegeuka kwa sababu ya mkono wa mfumaji.

Sasa tumfikirie mchoraji wa michoro ya umeme. Katika mchoro, koili huandikwa kama mstari wenye matuta, na matuta hayo hayaonyeshi waya umezungushwa kuelekea wapi. Kuuchora kila mzunguko wa waya juu ya chuma ni kazi ya kuchosha, na pengine koili ina mizunguko elfu. Zaidi ya hayo, transfoma ya kweli imefungwa ndani ya karatasi na rangi, na jicho haliwezi kuuona mzunguko wenyewe. Hapo ndipo wahandisi walipokubaliana juu ya nukta. Nukta imewekwa badala ya picha ya waya, na hiyo ndiyo kazi yake yote.

Watoto wetu hujifunza mapema chuoni kwamba herufi be, te na the zina umbo moja, na kinachozitenga ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mkono ukiteleza na nukta ikakaa pasipo pake, neno limekuwa jingine. Nukta za koili zafanana na hizo kwa kuwa alama ndogo hugeuza maana nzima. Lakini zatofautiana katika jambo moja ambalo binti yetu alishike sana: nukta ya be yajitosheleza, ilhali nukta ya koili peke yake haina maana yoyote. Haina maana ya chanya, wala hasi, wala mahali pa kuingizia umeme. Maana yake yapatikana inapotazamwa pamoja na mwenzake wa koili ya pili. Kwa sababu hiyo, ukizihamisha nukta zote mbili kwa pamoja, kila moja ukaipeleka kwenye ncha ya pili ya koili yake, hujabadilisha kitu. Ukihamisha moja tu, umeufanya mchoro kuwa wa kifaa kingine.

Twaamini kwamba mwanafunzi aliyewahi kuziweka nukta kwa mkono wake mwenyewe mara tatu hazisahau, na ndiyo maana twashangaa vitabu vingi vinapompa nukta zilizokwisha kuwekwa. Njia yake ni hii. Chora pete ya chuma yenye koili mbili, na uonyeshe waya unavyopita mbele na nyuma ya chuma. Chagua ncha moja ya koili ya kwanza, yoyote uipendayo, uitie nukta. Sasa fikiri kwamba mkondo unaingilia hapo. Kunja vidole vya mkono wa kulia vifuate mkondo unavyozunguka chuma. Kidole gumba kitaonyesha sumaku inaelekea wapi ndani ya chuma. Ifuate sumaku hiyo kwa kidole katika pete mpaka ifike kwenye koili ya pili. Kisha ujiulize: katika koili hii ya pili, mkondo ungeingilia ncha ipi ili nao uisukume sumaku kuelekea huko huko? Ncha hiyo ndiyo ya kutiwa nukta ya pili.

Katika hatua ya kuifuata sumaku ndipo wengi hupotea. Sumaku iliyopanda kwenye mguu wa kushoto wa pete hushuka kwenye mguu wa kulia, kama vile mtu anayezunguka uwanja hurudi ameelekea alikotoka. Mwanafunzi huona kidole gumba kimeelekea juu kushoto, akatafuta juu upande wa kulia pia, na nukta ikakaa kinyume. Usiruke, fuata chuma.

Kutokana na uwekaji huo twapata maana ya kwanza ya nukta: mikondo miwili ikiingia yote penye nukta, au ikitoka yote penye nukta, sumaku zake zasaidiana. Mmoja ukiingia penye nukta na mwingine ukitoka penye nukta, zapingana.

Maana ya pili yahusu volti, nayo ndiyo inayotumika katika hesabu. Mkondo unaoingia penye nukta ya koili moja, nao ukawa unapanda, huzusha katika koili ya pili volti ambayo chanya yake iko penye nukta. Mkondo unaoingia pasipo na nukta, nao unapanda, huzusha volti ambayo chanya yake iko pasipo na nukta. Kanuni yote ni hiyo. Kiasi cha volti hiyo ni kasi ya mkondo kubadilika mara M, na M ndiyo induktansi ya pamoja, yaani kipimo cha jinsi koili hizo mbili zinavyoshirikiana sumaku. Hupimwa kwa henri, jina lililotokana na Joseph Henry, mwalimu wa Albany huko Marekani aliyekuwa akichunguza mambo hayo hayo katika miaka ile ile ya Faraday. Mkutano wa wanaumeme uliofanyika Chicago mwaka 1893 ndio uliolipitisha jina hilo.

Hapa binti yetu ameuliza swali ambalo limetufurahisha, kwa kuwa laonyesha kwamba anafikiri. Asema: tulifundishwa kanuni ya Lenz ya mwaka 1834, kwamba umeme unaozuka hupinga badiliko lililouzusha. Vipi basi nukta zaonyesha mahali ambapo sumaku zinasaidiana?

Jibu ni kutazama mkondo wa pili unakwenda wapi kwa hiari yake. Tuseme mkondo wa kwanza unaingia penye nukta na unapanda. Koili ya pili yapata chanya penye nukta. Tukiiunga koili hiyo na taa, mkondo utatoka kwenye chanya na kupita katika taa, yaani utatoka koilini penye nukta. Wa kwanza waingia penye nukta, wa pili watoka penye nukta: hapo sumaku zapingana, kama Lenz alivyosema. Nukta na Lenz hazigombani kabisa. Nukta zaonyesha ni wapi mikondo ingesaidiana kama ingeingia huko. Umeme wenyewe, ukiachiwa, huchagua kutoka.

Sasa tushike hesabu. Tuchukue koili ya kwanza yenye henri 4, ya pili yenye henri 9, na M iwe henri 3. Mkondo wa kwanza waingia penye nukta na wapanda kwa ampia 2 kila sekunde. Kwa nafsi yake koili ya kwanza yapata volti 4 mara 2, yaani volti 8, chanya ikiwa penye nukta. Mkondo wa pili nao tuuchore ukiingia penye nukta, ukipanda kwa ampia 1 kila sekunde. Huu waizushia koili ya kwanza volti 3 mara 1, yaani volti 3, chanya ikiwa penye nukta. Chanya zote mbili ziko mahali pamoja, basi twajumlisha: volti 11. Katika koili ya pili, kwa nafsi yake 9 mara 1 ni 9, na kutoka kwa jirani 3 mara 2 ni 6. Jumla volti 15.

Tugeuze jambo moja tu: mkondo wa pili utoke penye nukta, hali ukipanda kwa kasi ile ile. Koili ya kwanza ingali na volti 8 zake, lakini zile 3 za jirani sasa chanya yake iko pasipo na nukta. Basi twatoa: volti 5. Katika koili ya pili, tukiipima ncha yenye nukta kwa kulinganisha na ncha isiyo na nukta, jirani analeta 6 na nafsi yake yaleta kasoro 9. Jawabu ni kasoro 3.

Tumeupitia mfano huu polepole kwa sababu ndani yake mna kosa la binti, alilotuandikia kwa ukamilifu katika karatasi yake. Yeye huamua alama ya volti za nafsi na alama ya volti za jirani kwa pamoja, kwa kutazama nukta. Nukta haihusiani kabisa na volti za nafsi. Volti za nafsi hufuata mshale wa mkondo wa koili hiyo hiyo: unapoingilia mkondo ndipo penye chanya, nukta iwepo isiwepo. Nukta huulizwa mara moja tu, nayo ni pale unapoandika volti za jirani. Andika kwanza za nafsi bila ya kuzitazama nukta. Kisha, kwa volti za jirani, jiulize maswali mawili: mkondo wa jirani waingia penye nukta au pasipo nukta? Basi chanya iko wapi kwangu? Ukishajua chanya iko wapi, lililobaki ni kuzunguka mzunguko na kujumlisha au kutoa kama ulivyozoea tangu mwezi wa kwanza wa masomo.

Na mshale wa mkondo usikutie hofu. Wengi hudhani lazima waupatie upande wa kweli kabla ya kuanza. Si lazima. Ukiuchora kinyume, jibu la mkondo litatoka na alama ya kutoa, nalo litakuwa sahihi. Lisilofaa ni kuubadilisha mshale katikati ya hesabu, au kuwa na mshale mmoja kwa volti za nafsi na mwingine kwa za jirani.

Koili mbili zilizofuatana katika waya mmoja ni mlango mwepesi, nasi twaupita haraka. Mkondo ni mmoja. Ukiingia penye nukta katika zote mbili, induktansi ya jumla ni ya kwanza, kuongeza ya pili, kuongeza mara mbili ya M: katika mfano wetu 4 na 9 na 6, yaani henri 19. Ukiingia penye nukta katika moja na pasipo nukta katika nyingine, ni 13 kutoa 6, yaani henri 7. Tofauti ya 19 na 7 ni 12, nayo ni M mara nne. Hivyo mwenye chombo cha kupimia anaweza kuipata M bila ya kuifungua koili. M nayo ina mpaka: haiwezi kuzidi kipeo cha pili cha zao la induktansi mbili. Hapa 4 mara 9 ni 36, na kipeo chake ni 6. M yetu ni 3, basi koili hizi zashirikiana kwa nusu.

Koili zikiwa tatu juu ya vyuma vinavyogawanyika, nukta za aina moja pengine hazitoshi, kwa kuwa ya kwanza na ya pili zaweza kukubaliana, ya pili na ya tatu zikakubaliana, kisha ya kwanza na ya tatu zikakataa. Hapo wachoraji hutumia alama tofauti kwa kila jozi: nukta, pembetatu, mraba. Binti hatalikuta hilo mwaka huu, kwa kadiri ya muhtasari aliotuletea.

Tumrudie mzee wetu, ambaye amengoja kwa adabu. Koili zake mbili za volti 115 ziko juu ya kiini kimoja cha chuma. Ili zikae katika volti 230, sharti mkondo uingie penye nukta katika zote mbili. Basi ncha isiyo na nukta ya koili ya kwanza yaungwa na ncha yenye nukta ya koili ya pili, na umeme wa ukutani waletwa kwenye ncha mbili zilizobaki. Kwa volti 115 za Marekani, koili hizo hizo zingeungwa sambamba: nukta kwa nukta, na isiyo nukta kwa isiyo nukta.

Je, zikipuuzwa? Koili katika umeme wa kwenda na kurudi huuzuia mkondo, zaidi ya yote, kwa sumaku yake yenyewe, wala si kwa ukinzani wa shaba. Sumaku inayobadilika huzusha volti zinazousukuma umeme wa ukutani nyuma, na ndiyo sababu transfoma isiyo na mzigo hunywa mkondo mdogo mno. Koili mbili zilizo sawa zikiungwa kinyume, sumaku ya moja hufuta ya nyingine. Volti za kusukuma nyuma hutoweka, na kinachobaki kuuzuia umeme ni ukinzani mchache wa waya. Mkondo huruka mara nyingi kupita kiasi chake. Fyuzi ikiwa ni ya kadiri inayostahili, hukatika hapo hapo, na hiyo ni salama. Fyuzi ikiwa kubwa kuliko inavyotakiwa, ngozi ya waya huungua, na moto huanzia hapo. Madrasa ina watoto. Hatuna haja ya kusema zaidi.

Mchoro uliobandikwa tusiuamini kwa macho tu, maana chombo kilichokwisha kutengenezwa mara nyingi huenda kimebadilishwa waya. Pana jaribio la senti chache ambalo ni jaribio la Faraday lenyewe. Chombo kiwe kimechomolewa ukutani, na ncha nne ziwe huru. Chukua betri ndogo ya volti 1.5 na mita ya sindano. Ile ya tarakimu haifai sana hapa, kwa kuwa mruko huwa umekwisha kabla haijausoma. Unga mita kwenye koili ya pili, waya wake wa chanya ukiwa kwenye ncha unayoidhania kuwa ya nukta, na uiweke kwenye volti kidogo za betri. Kisha gusisha chanya ya betri kwenye ncha ya nukta ya koili ya kwanza, na hasi kwenye ncha yake ya pili. Itazame sindano wakati ule ule wa kugusa. Ikiruka mbele, nukta mbili ni za kweli. Ikiruka nyuma, moja imekaa pasipo pake. Unapoiachia betri sindano itaruka kinyume; usiuhesabu mruko huo. Wala usizishike ncha kwa vidole vitupu unapoiachia, kwa maana koili iliyokatiwa mkondo ghafula hutoa volti kubwa kuliko betri iliyoilisha, na ingawa haiui, humtia mtu mshtuko.

Baada ya hapo, kazi ya kuunga umeme wa ukutani twamwomba mzee amwachie fundi mwenye cheti. Fundi huyo aangalie pia kibandiko cha chombo kama kimeandikwa 50/60 Hz. Transfoma iliyotengenezwa kwa mapigo 60 ya Marekani peke yake hupata joto zaidi katika mapigo 50 ya hapa, hata nukta zikiwa sahihi. Mafundi wa zamani huwasha mara ya kwanza kupitia balbu yenye uzi wa kuwaka: ikiwaka kwa nguvu zake zote ilhali chombo hakina kazi, kuna kosa, na balbu imekwisha kuizuia hasara.

Ndugu zetu wanaofanya kazi za ujenzi nao wazijua nukta hizi bila ya kujua kwamba wazijua. Lile sanduku la manjano linaloteremsha umeme mpaka volti 110 kwa ajili ya mashine za mkononi lina upande wa kutolea uliogawanywa nusu kwa nusu, na katikati pameungwa na ardhi. Kila waya uko volti 55 kutoka ardhini, na baina ya waya mbili mna 110, ili mtu akigusa waya mmoja asipate zaidi ya 55. Hesabu hiyo yasimama kwa sababu nusu mbili zimefuatana, isiyo nukta kwa nukta. Mtu akiisuka upya na kuigeuza nusu moja, kila waya bado utaonyesha volti 55 kutoka ardhini, na mpimaji asiye makini atasema kazi ni njema. Lakini baina ya waya mbili mita itasoma sifuri, na mashine haitazunguka.

Transfoma nyingi za viwandani hazina nukta, zina herufi. Katika zile za Kimarekani, H1 na X1 ndizo ncha zenye nukta, H ikiwa ni upande wa volti kubwa na X upande wa volti ndogo.

Kwa binti yetu, na kwa yeyote apendaye, twaacha zoezi hili. Sanduku lina koili mbili. Ncha za ya kwanza ni A na B, za ya pili ni C na D. Tulipounga B na C, tulipima baina ya A na D tukapata henri 4. Tulipounga B na D, tulipima baina ya A na C tukapata henri 16. Kila koili ilipopimwa peke yake, ya kwanza ilikuwa na henri 2 na ya pili henri 8. Nukta ya koili ya kwanza imetiwa A. Ya koili ya pili itiwe wapi, na M ni henri ngapi? Majibu yaletwe kwa mkono au kwa posta kabla ya toleo lijalo, yakiwa na maelezo ya hatua zote. Jawabu tupu halitahesabiwa. Insha Allah mwezi ujao tutayachapa, pamoja na habari ya jinsi mzee na fundi wake walivyofikia.

Wabillahi tawfiq.